Kocha aliyetua mzigo timu ikiwa kileleni

 

Majuma mawili yaliyopita tuliongea hapa juu ya akina baba wasiosema yanayowasibu. Simu yangu haikupumzika. Katika meseji zote zilizoingia, moja imekaa moyoni mpaka leo. Imetoka kwa dada mmoja, mama wa watoto watatu, na kwa ruhusa yake naieleza kwa kifupi bila kutaja jina wala mji.

Mume wake ni fundi. Miaka 11 amefanya kazi kwenye karakana moja, akila mihogo na chai na mafundi wenzake, wakitaniana na kuchangiana kwenye misiba. Mwaka jana bosi akamfanya msimamizi. Nyumbani ikapikwa pilau, ndugu wakaja, picha zikapigwa. Baada ya hapo, anasema dada yetu, yule mume aliyemzoea akaanza kupotea huku bado yumo ndani. Akirudi anakaa kwenye kochi na viatu miguuni. Usiku hajalala, anajikuna mikono mpaka inatoka alama. Watoto wakicheka kwa sauti anafoka. Wale wenzake wa mihogo na chai, akiwakaribia, wananyamaza. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Niko sawa."

Wiki iliyopita akamwambia mkewe kuwa anataka kwenda kwa bosi kukirudisha cheo. Ndugu zake waliposikia wakamjia juu. Mwanaume gani anakimbia cheo? Watu wanahonga kupata, wewe unarudisha? Dada yetu akanimalizia hivi: "Kaka, mimi nipo katikati. Nimwambie avumilie au aache?"

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Nikajikuta namkumbuka mtu wa mpira. Akina mama msifunge gazeti, hii si habari ya mpira peke yake.

Seremala mwanafunzi wa Glasgow

Mtu mwenyewe anaitwa Kenny Dalglish. Vijana wanaoshabikia Majogoo wa Jiji la Liverpool wanaliona jina lake kwenye jukwaa zima pale Anfield. Wengi wetu wenye mvi tulimjua kwa masikio kabla ya macho, maana enzi zake Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na matokeo tuliyapata kwa redio.

Alizaliwa Machi 4, 1951 mjini Glasgow, Scotland. Mji huo umegawanyika kati ya Rangers na Celtic kama sisi tulivyogawanyika kati ya Simba na Yanga, pengine kwa ukali zaidi maana kwao na dini imeingia. Nyumbani kwao Kenny walikuwa Rangers. Lakini mwaka 1967 waliokuja kumchukua ni Celtic. Inasimuliwa kwamba msaidizi wa kocha wa Celtic alipobisha hodi, kijana alikimbilia chumbani kubandua picha za wachezaji wa Rangers ukutani. Wakati huo alikuwa akijifunza useremala huku akicheza timu ndogo.

Celtic ilimlea akawa nyota, kisha nahodha. Novemba 1974 akamuoa Marina, wakajaliwa watoto wanne: Kelly, Paul, Lynsey na Lauren. Agosti 1977 Liverpool wakamnunua kwa pauni 440,000, bei ambayo haikuwahi kulipwa kati ya klabu mbili za Uingereza. Alikuja kuziba pengo la Kevin Keegan aliyekwenda Hamburg, na mashabiki walikuwa na wasiwasi. Msimu haukwisha kabla hajawatoa wasiwasi huo. Mei 1978 pale Wembley alifunga bao pekee dhidi ya Club Brugge, Liverpool wakabaki na Kombe la Ulaya. Mpaka mwaka 1984 alikuwa ameshinda makombe matatu ya Ulaya na ubingwa wa England mara tano.

Hayo ni ya uwanjani, nayapita upesi. Mambo yanayotuhusu sisi wa ukurasa huu yanaanza mwaka 1985.

Jana mwenzao, leo bosi wao

Mei 29, 1985 Liverpool walicheza fainali ya Ulaya na Juventus kwenye uwanja wa Heysel, Brussels. Kabla mpira haujaanza mashabiki wa Liverpool waliwavamia wenzao, watu wakakimbilia ukutani, ukuta ukaanguka. Walikufa 39, wengi wao Waitaliano. Dalglish alikuwa mchezaji siku hiyo. Halikuwa janga lake la kwanza. Januari 2, 1971, akiwa kijana wa miaka 19 na Celtic, alikuwapo Ibrox watu 66 walipofariki kwenye ngazi za kutokea uwanjani.

Kocha wa Liverpool, Joe Fagan, mzee wa watu, alikuwa ameshaamua kustaafu. Klabu ikamkabidhi kazi Dalglish, na isitoshe akaambiwa aendelee kucheza. Alikuwa na miaka 34. Yaani jana alikuwa akivua jezi kwenye chumba kimoja na wenzake, leo yeye ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi.

Dada yangu, hapo umemwona mumeo? Kuongoza watu wageni ni kazi, lakini kuwaongoza uliokula nao sahani moja ni kazi mara mbili. Ukimpendelea rafiki yako, wengine wananuna. Ukimbana, yeye ananuna. Nahodha wa Liverpool wakati ule, Phil Neal, naye alikuwa akiitamani nafasi hiyo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwenda Bolton kuwa mchezaji-kocha huko. Unahodha akapewa Alan Hansen, rafiki wa karibu wa Dalglish. Unadhani maneno hayakuwapo?

Lakini Dalglish hakuachwa peke yake. Klabu ilimwekea kando Bob Paisley, mzee aliyewahi kuifundisha Liverpool na kuchukua Kombe la Ulaya mara tatu, awe mshauri wake. Mzee hakuja kumpangia timu. Alikuja awepo, kijana akikwama awe na mlango wa kubisha. Lishike hilo, tutalirudia.

Msimu wa kwanza tu wakachukua vyote viwili. Mei 3, 1986 walihitaji ushindi nyumbani kwa Chelsea ili wawe mabingwa. Bao lilikuwa moja na lilifungwa na kocha mwenyewe. Wiki moja baadaye waliwafunga majirani zao Everton 3-1 na kutwaa Kombe la FA. Ubingwa ukaja tena mwaka 1988. Ungemtazama kwa nje ungesema huyu cheo kimemkaa kama kanzu iliyoshonwa na fundi wake.

Aliyewabeba wenzake alibebwa na nani?

Aprili 15, 1989, Jumamosi. Nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Mashabiki wa Liverpool waliruhusiwa kuingia kwa wingi sehemu iliyokuwa tayari imejaa, mbele yao kuna uzio wa chuma. Mchezo ulisimamishwa dakika ya sita. Waliokufa kwa kubanwa, ukijumlisha na waliofariki baadaye kwa majeraha ya siku hiyo, ni 97. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10.

Paul, mtoto wa Dalglish, alikuwa uwanjani siku hiyo, bado mvulana. Mzazi yeyote anajua baba anakuwaje anapoona watoto wa watu wakilazwa kwenye nyasi na wa kwake hajamwona. Paul alipatikana mzima. Lakini hebu fikiri, ukishampata wa kwako, unamtazamaje usoni baba aliyemkosa wa kwake?

Kuanzia siku iliyofuata Dalglish aliacha kuwa kocha wa mpira, akawa mfiwa mkuu wa mji. Milango ya Anfield ilifunguliwa. Watu wakaja na maua na skafu, wakaanza kuyatandika upande wa jukwaa la Kop mpaka yakafunika nusu ya uwanja. Chumba cha kupumzikia wachezaji kikageuzwa mahali pa wafiwa, na wake wa wachezaji, Marina akiwamo, wakawa wanawapokea, wanawapa chai, wanakaa nao. Dalglish na wachezaji wakaenda hospitali za Sheffield kuwaona majeruhi. Kisha yakaja mazishi. Alihakikisha klabu inawakilishwa kwenye kila mazishi, na yeye mwenyewe alikwenda mengi. Kuna siku alihudhuria mazishi manne.

Manne kwa siku moja, msomaji wangu. Sisi huku tunajua maana ya msiba mmoja, unavyorudi nyumbani umechoka mpaka mifupa. Tena huku kwetu kuna matanga, kuna majirani, kuna shangazi wa kukwambia kaa chini ule. Mtu anayekwenda kuwashika mkono familia moja baada ya nyingine, na Jumatatu anatakiwa mazoezini, nani anamwambia kaa chini?

Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Wote walimtazama yeye na yeye hakumtazama mtu. Mei 20 Liverpool wakawafunga Everton 3-2 na kuchukua Kombe la FA. Siku sita baadaye wakapoteza ubingwa kwa bao la Arsenal la dakika ya mwisho. Mwaka 1990 wakauchukua tena ubingwa. Kwa nje, mambo yako sawa. Kwa ndani, mwili ulishaanza kusema alichokuwa hakisemi yeye. Alitokwa na vipele mwilini, akawa mtu wa dawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wakati mwingine, kabla kifo hakijafika, ngozi humuumbua, usingizi humuumbua, na hasira kwa watoto humuumbua.

Naandika haya nikimkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nilikuwa darasa la sita, nikimwona usiku amekaa na daftari wazi mbele ya chemli, hageuzi ukurasa. Nikimuuliza ananiambia, "Niko sawa mwanangu, kalale." Tulikuja kujua kuwa hakuwa sawa siku alipoanguka mbele ya wanafunzi mstarini. Presha. Daktari akasema ni ya muda mrefu. Mama alilia kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa akilala naye kitanda kimoja na hakujua. Ndiyo maana meseji ya dada huyu sikuweza kuipita.

Ijumaa ile

Turudi Liverpool. Februari 20, 1991, Kombe la FA, Liverpool ugenini kwa Everton. Liverpool waliongoza mara nne, na mara nne Everton wakasawazisha. Mechi ikaisha 4-4. Dalglish amesimulia baadaye kwamba akiwa pale benchi aliona wazi mabadiliko gani yafanyike ili kulinda ushindi, lakini hakuyafanya. Alijua la kufanya na hakuweza kuliamua. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamua, hiyo ilikuwa kengele.

Ijumaa, Februari 22, akaketi mbele ya waandishi na kutangaza kuwa anaacha kazi. Timu ilikuwa inaongoza ligi na bado imo kwenye Kombe la FA. Alikuwa na miaka 39. Alieleza kuwa tatizo ni shinikizo alilojiwekea mwenyewe, na kwamba siku za mechi alihisi kichwa kama kinataka kupasuka.

Watu hawakuamini. Wakatafuta sababu nyingine, maana binadamu hatukubali kirahisi kwamba mtu mwenye mafanikio anaweza kuchoka. Akianguka aliyeshindwa tunasema tulijua. Anayeshinda akisema nimechoka, tunamwona anadeka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika habari hii. Dalglish amesema kwamba alichohitaji kilikuwa mapumziko, na kama Liverpool wangemfuata baada ya kupumzika, angerudi. Hawakumfuata, wakampa kazi mtu mwingine. Yeye aliona njia mbili tu, aendelee mpaka apasuke au aache kabisa. Njia ya tatu, ya kusema mapema nimechoka na kuambiwa pumzika tukusubiri, haikufunguliwa na upande wowote. Yeye hakusema mapema, na wao hawakumuuliza. Klabu ikakaa miaka 30 bila ubingwa wa ligi, mpaka 2020. Sisemi angebaki wangeuchukua kila mwaka, mpira haupimwi hivyo. Nasema waliachana watu waliokuwa bado wanahitajiana, kwa kukosa mazungumzo. Ndoa ngapi zimekufa namna hiyo?

Koleo likivunjika

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Oktoba 1991, miezi minane tu baadaye, Dalglish alikubali kazi Blackburn Rovers, timu ya daraja la pili iliyokuwa na tajiri wake Jack Walker, mfanyabiashara wa chuma aliyezaliwa mji huo huo. Safari hii alifanya jambo la busara. Mazoezi ya kila siku aliyaacha mikononi mwa msaidizi wake Ray Harford, yeye akashika yale aliyoyaweza zaidi: kuwachagua watu na kuwaongoza. Wakapanda daraja mwaka 1992, wakamleta Alan Shearer, na msimu wa 1994/95 wakawa na nafasi ya kuwa mabingwa wa England kwa mara ya kwanza tangu 1914.

Na siku ya mwisho, Mei 14, 1995, ratiba iliwapeleka wapi? Anfield. Blackburn walifungwa 2-1, bao la pili likiwa dakika za mwishoni. Wakati huohuo habari zikaingia kwamba Manchester United wametoka sare 1-1 na West Ham. Blackburn ni mabingwa. Wale mashabiki wa Liverpool aliowaacha miaka minne nyuma wakamshangilia kana kwamba ubingwa ni wao. Hawakuwa wamesahau nani alisimama makaburini na wafiwa wao.

Nisikudanganye kuwa kila alichogusa baadaye kilikuwa dhahabu. Newcastle, alikokwenda Januari 1997, alimaliza wa pili na mwaka uliofuata akafika fainali ya Kombe la FA, lakini Agosti 1998 akaondolewa. Kule Celtic, mwaka 2000, alishika timu miezi michache, akachukua Kombe la Ligi, akaondoka. Januari 2011, akiwa na miaka 59, Liverpool walimwita tena. Februari 2012 akawapa Kombe la Ligi, la kwanza kwao la aina yoyote tangu 2006. Mei akaachishwa. Katika kipindi hicho alimtetea mchezaji wake Luis Suárez kwenye shauri la kumtolea Patrice Evra maneno ya ubaguzi wa rangi, akamtetea kupita kiasi, mpaka baadaye akalazimika kuomba radhi kwa mwenendo wake. Nalitaja makusudi. Moyo uleule wa kubeba watu wako, usipokuwa na mtu wa kukwambia hapa umekosea, hukupeleka pabaya.

Nyumbani nako yalifika. Mwaka 2003 Marina aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa, akapona. Hawakuificha. Wakaanzisha mfuko wa kuchangisha fedha, na mwaka 2007 kikafunguliwa kituo cha matibabu ya saratani kwenye hospitali ya Aintree, Liverpool, chenye jina la mama huyo. Mwaka 2016, baada ya familia za Hillsborough kupigania ukweli kwa miaka 27, baraza la mahakama likatamka kwamba ndugu zao waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Mwaka 2017 jukwaa moja la Anfield likapewa jina la Dalglish, na 2018 akapewa cheo cha Sir.

Jibu langu kwa dada

Sasa dada yangu, umeniuliza avumilie au aache. Mimi nasema swali hilo limefika mapema. Kabla yake kuna mengine.

Kwanza, "niko sawa" si jibu. Usimuulize una nini, maana atakwambia hana kitu. Muulize kitu kimoja kidogo: leo nani alinyamaza ulipopita? Jana usiku uliwaza nini saa nane? Muulize mkiwa wawili, watoto wamelala, simu iko mbali. Asiposema leo, usimfokee. Kaa naye tu. Mwanaume aliyefunga mdomo miezi minane hafunguki kwa usiku mmoja.

Pili, hiyo mikono anayoikuna ipeleke hospitali, si duka la dawa kununua losheni. Apimwe na presha. Mwambie daktari na habari ya usingizi na ya kazi, usimfiche. Shemeji yangu akikataa kwenda peke yake, nenda naye.

Tatu, mtafutie Paisley wake. Kila mji una mzee aliyewahi kuwa msimamizi, fundi mkuu au mwalimu mkuu, sasa amestaafu, anacheza bao barazani. Mzee kama huyo anajua dawa ya wenzako kukununia. Atamwambia ampe nani kazi gani, na asijibebeshe kila kitu kama Ray Harford hayupo.

Nne, kabla ya barua ya kukirudisha cheo, iandikwe barua ya likizo. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kila mwaka, kwa malipo. Akaage kazini, alale, aende kijijini akamwone mama yake. Uamuzi wa kuacha au kubaki aufanye akiwa amelala usingizi. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo Dalglish hakupewa.

Tano, ni kwa shemeji zako wanaomcheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao wanaliona jina la cheo, wewe unaona mikono yenye alama. Tuliambiwa tangu utoto kwamba cheo ni dhamana, na dhamana ikikuzidi unamrudishia mwenyewe ikiwa bado nzima. Akipumzika, akatafakari, na bado akaona arudi kwenye spana zake, mpokeeni kama mlivyompokea siku ya pilau. Tena mpike tena pilau.

La mwisho ni lako mwenyewe. Marina naye alikuwa pale na wafiwa, naye alikuwa na watoto nyumbani. Anayembeba aliyebeba naye huchoka. Umenieleza habari za mumeo meseji nzima, za kwako hujaandika hata mstari mmoja. Wewe unalala?

Nijibu ukipata nafasi. Na wewe msomaji mwingine, leo jioni mtazame aliye kochini na viatu miguuni. Mvue hivyo viatu, halafu ukae karibu naye.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.